Black Monk Time ya The Monks, toleo la 2009: chukua, ila usikimbilie nyimbo za nyongeza

Kama we ni mtu wa muziki wa miaka ya 60 na umechoka kila mdau kukurudisha kwa Beatles na Rolling Stones, basi hii CD, albamu ya The Monks ya 1966 iliyotolewa upya, ni yako. Mi naipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata makusudi na sababu nitaitaja huko chini.

Kwa wasiowajua, The Monks ni Wamarekani watano, wote walikuwa wanajeshi kwenye kambi ya Gelnhausen Ujerumani Magharibi, jeshi likaisha wakaamua kubaki hukohuko wanapiga klabu usiku kwa usiku wakijiita The Torquays. Gary Burger gitaa na sauti, Larry Clark kinanda, Eddie Shaw besi, Roger Johnston ngoma, na Dave Day ambaye mwanzo alikuwa gitaa la ridhimu. Walikuwa bendi ya kawaida tu ya kukopi rokenroli za watu, wakajilipia wenyewe wakarekodi singo moja, haikwenda popote. Wangeishia hapo leo hakuna ambaye angewakumbuka.

Sasa wakatokea Wajerumani wawili, Walther Niemann na Karl Remy, watu wa ubunifu na matangazo, hawa ndo wakawageuza. Wakawaambia kila walichokizoea watupe. Nguo nyeusi tupu, shingoni kamba badala ya tai, halafu kichwani wanyolewe upara wa duara katikati kama watawa wa zamani, na hiyo haikuwa ya stejini tu maana ukishanyolewa hivyo utaenda nayo mpaka sokoni. Na kwenye muziki vilevile, melodi tamu punguza, maneno punguza, mapigo ongeza. Dave Day akaweka gitaa chini akashika benjo ya nyuzi sita, ndani yake wakatia maiki, na wala hapigi vile vidole vya haraka vya benjo tunayoijua, anaikwangua tu kwa kufuata ngoma mpaka inakuwa kama bati linapigwa. Johnston naye visahani kaviacha karibu vyote, kazi yake ni tomtom, zile ngoma nene zisizo na visahani, dum dum dum, mwanzo mwisho.

Kuna kisa chao kimoja nakipenda sana, Burger alikuwa mazoezini akaenda msalani akaacha gitaa limeegemea spika bila kuzima, likaanza kupiga ule mluzi kama maiki ya harusini MC akisogea karibu na spika, watu wengine wangekimbilia kuzima, Johnston yeye akaanza kuupigia ngoma ule mluzi na wenzake wakaingia. Ndo hivyo ikawa sehemu ya muziki wao. Ukishajua hiki kisa ukiweka wimbo wa kwanza, Monk Time, unaelewa kwa nini gitaa linalia vile bila adabu, jamaa wanalitafuta kabisa lile balaa.

Albamu ilirekodiwa Cologne Novemba 1965, prodyuza Jimmy Bowien wa lebo ya Polydor, ikatoka Machi 1966. Nyimbo 12, nusu saa hivi imeisha. Na hapa ndo nataka watu wasikilize vizuri, maana wengi wanaisifia kwa kelele tu, mi nasema ubora wake uko kwenye nidhamu. Hakuna mtu anajionyesha humu. Kinanda cha Clark kinakaa pale pale kwenye kipande kifupi kinarudia, besi ya Shaw ina mkwaruzo na inatembea mbele kabisa badala ya kujificha, na wote watano wanagonga pamoja kama timu moja. Sikiliza Shut Up halafu unganisha na I Hate You kwa hedifoni, hiyo ya pili inaenda taratibu imejaa kinanda, Burger anatangaza kumchukia huyo dada huku wenzake nyuma wanaitikia kwamba lakini apige simu. Nilicheka peke yangu kama kichaa aisee, ila ukirudia mara ya tatu unaanza kumuonea huruma.

Maneno yao ni machache lakini usiyadharau. Monk Time inataja Vietnam waziwazi, na Complication inazungumzia kuua na kufa kwa niaba ya wengine, sasa kumbuka hii ni 1966 na wanaoimba ni watu waliotoka kuvua sare ya jeshi hilohilo juzi tu. Marekani kwenyewe albamu haikutolewa wakati ule, ikabidi wenzao wasubiri mpaka miaka ya 90 ndo ikatoka rasmi kwao. Na Ujerumani nako haikuuza. Kipande cha kipindi cha Beat-Club cha TV ya Ujerumani kipo mtandaoni, kiangalie, uone vijana wa pale wanavyocheza huku wakiwa hawaelewi wanachokiona.

Drunken Maria mi huwa naruka. Higgle-Dy Piggle-Dy ni ya kitoto kabisa na ni moto.

Haya tuje kwenye ile nusu nyota. Toleo hili la lebo ya Light in the Attic ya Seattle limewekewa nyongeza mwishoni, zikiwemo nyimbo za singo mbili zilizofuata baada ya albamu, I Can't Get Over You na Cuckoo za 1966, halafu Love Can Tame the Wild na He Went Down to the Sea za 1967. Kihistoria ni sawa ziwepo, tena ni muhimu, maana hapo unasikia kabisa lebo ilivyoanza kuwalainisha, mauzo hakuna basi wakatakiwa wawe watamu kidogo redio iwapokee. Love Can Tame the Wild ukimpigia mtu bila kumwambia atabisha kwamba si bendi ileile. Ila kuziweka mfululizo tu, Blast Off! imekwisha, That's My Girl imekwisha, mara unaingia kwenye vitu laini, inaharibu ladha, wangeweka diski ya pili pembeni ingekuwa heshima zaidi. Mwaka huohuo wa 1967 bendi ikavunjika wakiwa karibu kuondoka kwenda ziara ya Asia, Vietnam ikiwemo, kwa hiyo hizo ndo zikawa neno lao la mwisho studio kama The Monks, inauma bana.

Sauti haina tatizo, imesafishwa lakini hawakuipaka mafuta, ule ukali wa benjo upo vilevile na ukiongeza volyumu majirani watakuja kugonga. Kava ni jeusi kama la zamani, na ndani kuna kijitabu cha maelezo ambacho kwa mtu anayependa historia za studio kinatosha kumaliza jioni.

Lebo hiyohiyo ilitoa na nyingine, The Early Years 1964-1965, ina ile singo ya The Torquays pamoja na demo, yaani rekodi za majaribio, walizorekodi 1965 kabla ya kwenda Cologne. Hiyo sio ya kuanzia, nunua ukishanasa. Lakini ukiipata fanya hivi, weka Boys Are Boys ya wakati wa Torquays, wimbo wa kistaarabu wa kuchezea dansi, halafu papo hapo weka Boys Are Boys and Girls Are Choice ya kwenye albamu. Wimbo ni huohuo na watu ni walewale, ila kwenye ya pili kila kilichokuwa kinapendeza kimeng'olewa kimebaki kishindo, na mi ya pili ndo nairudia.