Singer 99K ya mkono: mwaka mmoja wa kumaliza viporo

Kabatini kwangu hapa Majengo, Moshi, palikuwa na mfuko wa sandarusi niliokuwa naukwepa. Ndani mlikuwa na gauni jeupe la satini la mtoto wa dada yangu, limeshonwa lote isipokuwa zipu na pindo. Mlikuwa na vitambaa saba vya makochi nilivyoanza kudarizi mwaka niliohamia hapa. Chini kabisa kulikuwa na boksi lenye kuta nne za kadibodi: nyumba ya babu ya Kibosho kwa kipimo cha moja kwa ishirini, haina paa wala mapazia. Dada alishaacha kuniulizia gauni, na ukimya wake uliniuma kuliko kama angenikaripia.

Nilikuwa najiona mvivu wa kumaliza kazi. Siku nilipomwaga mfuko ule kitandani nikakagua kipande kimoja kimoja, nikaona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kila kazi ilikuwa imesimama mahali penye sentimita chache za kutisha. Zipu. Kona ya pindo. Kipazia kisichofika upana wa kiganja. Wakati huo nilikuwa natumia cherehani ndogo ya umeme, jina lake nalihifadhi. Ukigusa pedeli kidogo tu inatoka mbio, na satini ukiifumua inabaki na matundu yasiyozibika. Zipu ile niliifumua mara mbili. Mara ya tatu nilikunja gauni nikalirudisha mfukoni, likakaa humo mwaka na nusu.

Hii Singer 99K, cherehani ya kuzungusha kwa mkono, niliipata kwa fundi mzee aliyekuwa anashona barazani mjini, macho yamemchoka na anarudi zake kijijini. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanivutia kigoda. Hakunisifia bidhaa. Aliniambia niweke mkono kwenye mpini nizungushe. "Polepole. Polepole zaidi. Sasa simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa." Nikasimamisha. Akasema, "Basi. Namna hiyo utaweka zipu yoyote." Nililipa Sh 250,000 pamoja na boksi lake la mbao, nikapakia kwenye bajaji nikiwa nimeikumbatia njia nzima.

Kwa wasioifahamu: 99K ni cherehani ya umbo la robo tatu ya cherehani kamili ya nyumbani. Herufi K inasimamia Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, kilichoanza kazi 1885 na kufungwa 1980. Yangu ni chuma kitupu, haina waya wa umeme popote, na inashona mshono mmoja tu, ulionyooka. Nimehesabu: mzunguko mmoja wa mpini unatoa mishono mitatu. Ukizungusha theluthi moja unapata mshono mmoja, na hapo unaweza kusimama, ukapumua, ukaangalia unakokwenda.

Wiki mbili za kwanza sikushona chochote. Mpini ulikuwa mzito kama wa kinu, kwa sababu aliyewahi kuitumia kabla alitia mafuta ya kula, nayo yakikaa sana yanaganda kama gundi. Nilidondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la kupitishia mafuta, nikazungusha, nikafuta weusi uliotoka, nikarudia kwa siku nne mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Ndipo nikatia mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu. Tangu hapo inazunguka kwa kidole kimoja. Tafadhali, mwenye cherehani ya zamani asitie mafuta ya kupikia hata kama ya kwake yameisha usiku.

Nilianza na gauni. Nilibadilisha sindano nikaweka namba 11, maana 14 niliyoikuta inafaa pamba na vitenge lakini kwenye satini inavuta nyuzi. Zipu nikaipiga bandi kwa mkono kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, uzi wa rangi nyingine, nikamvika mtoto na kuhakikisha mgongo umelala. Kisha nikafunga mguu wa zipu, nikazungusha mpini theluthi kwa theluthi hadi juu. Dakika arobaini kwa zipu moja. Mafundi wa mjini wanamaliza kwa dakika tano. Lakini haikufumuliwa. Nilipotoa bandi na kuipandisha zipu ikapita bila kukwama, nilikaa kimya kidogo na gauni mapajani.

Tatizo la pili lilikuwa kingo. Satini inachambuka ukiitazama tu, na cherehani ya mshono ulionyooka haina zigzagi wala ovaloki. Mishono iliyokuwepo nilikuwa nimeshaipeleka kupigwa ovaloki zamani, ila kitambaa cha ndani ya sketi kilikuwa bado. Hicho nilikishona mara mbili: kwanza nikaweka pande za ndani zitazamane, za nje zikibaki nje, yaani kinyume cha kawaida, nikashona milimita tano kutoka ukingoni, nikapunguza kingo, nikageuza, nikashona tena ili nyuzi zote zifungwe ndani. Ukigeuza sketi ndani nje huoni uzi hata mmoja unaoning'inia. Kwa kweli sasa naupenda mshono huu kuliko ovaloki kwa nguo za watoto, kwa kuwa haukwaruzi ngozi. Kipaimara kilifanyika, mtoto akanikimbilia mlangoni pa kanisa, "Mama mdogo, zipu haijafunguka!"

Vitambaa vya makochi vilinifundisha kitu kingine. Kudarizi kwenyewe kulikuwa kumekwisha kwenye vitambaa sita. Kazi yote ya mkono, nyuzi mbili kati ya sita za kila uzi, maua kwa mshono wa mnyororo na majani ya kujaza. Kilichobaki ni mapindo. Cha saba nilikiacha kwenye fremu ya duara kwa miaka, na skrubu ikaacha doa la kutu. Msiache kitambaa kwenye fremu hata usiku mmoja kama hamna uhakika wa kurudi kesho. Nilikamulia limao na chumvi, nikakianika kwenye jua la Moshi, nikasuuza, nikarudia mara tatu. Doa limefifia kiasi kwamba nalijua mimi peke yangu. Mapindo nilimaliza jioni mbili, moja kati ya hizo umeme ukiwa umekatika na taa ya kuchaji iko mezani. Pasi nilipiga kwa nyuma, maua yakiwa yamelazwa juu ya taulo, ili yasibonyee.

Kuna mambo ya kujua kabla hamjaitafuta. Mkono wa kulia uko kwenye mpini muda wote, kwa hiyo kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake. Shuka la kitanda kikubwa ni mateso, na mapazia ya sebuleni bado nampelekea fundi. Yangu hairudi nyuma, nafunga mwisho wa mshono kwa kuufunga uzi kwa mkono. Ni nzito, na kwa mwenye biashara ya kushona sare za shule haitamfaa kabisa. Bobini zake, yaani vigurudumu vya kuzungushia uzi wa chini, ni za aina ya 66, ambazo pande zake zimebinuka kidogo. Bobini za kawaida zinazojaa madukani ni za aina ya 15, bapa, na muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba "zote ni zilezile." Siyo. Uzi ulijisokota chini ya kitambaa mpaka nikadhani nimeharibu mashine. Beba bobini yako ya zamani ukailinganishe hapohapo kaunta. Na sindano ikiruka mishono, kabla ya kuita fundi angalia kama upande wake bapa umetazama kunakotakiwa. Mara mbili ilikuwa hivyo tu.

Nimebakiza nyumba ya babu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Nyumba halisi ilikuwa na urefu wa mita tisa na upana wa sita. Kwa moja kwa ishirini inakuwa sentimita 45 kwa 30, mlango wa mita mbili unakuwa sentimita kumi. Paa la bati nimelitengeneza kwa boksi jembamba: unalilowesha kidogo upande mmoja, unabandua tabaka la juu, na mifereji ya ndani inatokea kama migongo ya bati. Nikapaka kijivu, kisha kahawia iliyoyeyushwa sana sehemu za kutu. Nguzo za baraza ni vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa. Kwenye baraza nimeweka kitanda kidogo cha kuanikia kahawa, wavu wake ni kipande cha chandarua cha zamani.

Mapazia ndiyo yaliyokwamisha kazi hii, kwa sababu dirisha lina sentimita tano na pindo la pazia lina milimita mbili. Cherehani ya umeme ilikuwa inakimeza kitambaa kwenye tundu la sindano. Kwa 99K niliweka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, nikafupisha mshono, nikazungusha mpini mshono mmoja mmoja, kisha nikachana karatasi taratibu. Mapazia manane, jioni tatu. Godoro, mito miwili na kitambaa cha meza vikafuata. Vipande vilitoka kwenye mabaki ya gauni la satini na kanga kuukuu ya bibi.

Jumapili iliyopita Mama alishuka kutoka Kibosho. Niliiweka nyumba mezani bila kumwambia kitu. Alivaa miwani, akainama, akachungulia baraza, kisha dirisha moja baada ya jingine, kidole chake kikifuata ukuta wa nyuma. Alipofika dirisha la mwisho akasimama hapo muda mrefu.

"Pazia la chumba cha bibi yako lilikuwa la kijani, mwanangu," akasema. "Na lilikuwa limepasuka hapa pembeni, hakuwahi kulishona."

Kitambaa cha kijani nimekipata jana sokoni Memorial.