Pipe ya upepo ya lori la zamani: ipi ununue, ipi uache

Asubuhi moja hapa Tabora nilitoka nje nikakuta Bedford yangu imelalia kushoto kama ngamia anayepiga magoti. Mto wa upepo, yaani mfuko wa mpira unaojazwa upepo ubebe gari badala ya springi, ulikuwa mzima. Shida ilikuwa pipe inayoupelekea upepo, laini ya plastiki, niliyouziwa kwa maneno ya "zote ni pipe tu, mzee". Ilipita karibu na ekzosi, ikalainika, ikachomoka kwenye fitingi.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni nailoni ngumu ya breki za upepo, ile ile ya malori makubwa. Soma maandishi ubavuni: PA12 (aina ya nailoni), DIN 73378 au SAE J844 (viwango vya pipe hizi). Ikiwa haina maandishi, mrudishie mwenye duka. Haishiki kutu, na ikikatika huko mbele ya Kaliua, fundi yeyote wa malori anajua kuiunga. Hata hiyo usiipitishe karibu na ekzosi.

Sasa saizi, maana pesa nyingi hupotelea hapa. Magari ya zamani ya Kiingereza na Kimarekani yana inchi, maduka yetu yamejaa milimita. Nusu inchi ni 12.7, kwenye fitingi ya 12 haiingii, na hiyo ni heri kwako. Mbaya ni 3/8: ni milimita 9.5, inaingia kwenye fitingi ya 10 bila kelele, halafu inavuja usiku kucha. Nunua pipe na fitingi siku moja, uzijaribishe hapo hapo kaunta. Robo inchi inamtosha anayenyanyua gari taratibu. Mwenye haraka achukue 3/8.

Ya pili ni hosi ya mpira yenye nyuzi ndani. Iweke kipande kifupi pale ekseli inapocheza, basi.

Ya tatu ni shaba. Inapendeza kwenye gari la zamani, sikatai, ila mtikisiko wa barabara ya vumbi huichosha ikapasuka penye nati.

Poliurithani, ile laini ya rangi rangi, waachie wenye mashine za karakana.

Kata kwa wembe, mkato uwe mnyoofu. Mimi nilipomaliza nilipaka povu la sabuni kila kiungo. Kimoja tu kilitoa mapovu: nilichokikata kwa msumeno kwa uvivu wa kuingia ndani kufuata wembe.