Shule za Sanaa Havana, nimezunguka nusu siku
Aisee ukifika Cuba pitia shule za sanaa za taifa kule Cubanacán, zilianza kujengwa 1961 kwenye uwanja wa gofu wa matajiri, 1965 kazi ikasimamishwa. Chuma na saruji vilikuwa adimu so wakainua kuba kwa matofali na vigae vyembamba tu, na hadi leo zimesimama! Ile ya baleti aliyoichora msanifu majengo Garatti ndo imenishika roho, imebaki magofu kabisa, mizizi imepenya kwenye nyufa, tope la mto Quibú limekauka sakafuni, nikapiga kofi moja chini ya kuba sauti ikazunguka weee. Zile za msanifu mwenzake Porro zimekarabatiwa, wanafunzi wapo. Mwongozaji wetu alitukimbiza mno hapo kwenye baleti, imeniuma. Nyota 4, vaeni viatu vigumu.