Ukinunua chupa ya chai, anza na kizibo

Ujumbe unaonijia kwa wingi siku hizi ni wa chupa za chai. Mmoja aliuziwa kwa maneno "inatunza saa 24", lakini chai anayoweka alfajiri ikifika saa nne ni vuguvugu. Mwingine ana mtoto mchanga, anataka maji ya moto usiku bila kuamka kuwasha jiko, naye anakuta yamepoa. Wote wananiuliza chupa gani ni nzuri, na wote wananitumia picha ya chupa ikiwa imefungwa. Hakuna aliyenipigia picha kizibo.

Leo basi sizungumzii maua, rangi wala lita ngapi. Hayo kila mtu anayaona dukani. Nazungumzia kizibo na mpira wake.

Joto lina njia tatu za kutoka, tulizisoma shule ya msingi tukazisahau: mpitisho, msafara na mnururisho. Chupa ya chai ina kuta mbili, na katikati yake hewa imenyonywa ikabaki ombwe. Pasipo na kitu, joto halina cha kupitia kwa mpitisho, wala hakuna hewa ya kuzunguka kulibeba kwa msafara. Mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga bila kuhitaji cha kupitia, unarudishwa na ule ukuta unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kazi hiyo aliimaliza mwanasayansi James Dewar kule London mwaka 1892, naye hakuwa na habari na chai, alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Hakuchukua hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi. Mwaka 1904 Wajerumani wakaanzisha kampuni ya Thermos wakauza wazo lake, akaenda mahakamani, akashindwa. Wafanyabiashara ni wale wale.

Kwa hiyo ukuta wa chupa, hata wa bei ya kati, mara nyingi hauna tatizo. Tatizo ni mdomo. Hapo hakuna ombwe. Kuna plastiki, mpira na nafasi ndogo ya mvuke kuponyoka, na mvuke ndio mwizi mkubwa. Lita moja ya maji ikipoa nyuzi 1 imepoteza jouli (kipimo cha nishati) 4,200 hivi. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke ikatoka, inaondoka na jouli zaidi ya 2,200. Piga hesabu: gramu 10 za mvuke, yaani vijiko viwili vya chai, zinaishusha lita nzima nyuzi 5. Hutaona hata tone mezani.

Mpira ukikakamaa, ukipasuka au ukikaa upande, basi. Upana wa mdomo nao ni habari nyingine: mdomo wa sentimita 7 una eneo mara nne ya ule wa sentimita 3.5. Zile pana ni rahisi kuosha, nakubali, lakini ni za supu na uji, si za chai ya kukaa kutwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Mimina maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi. Shika tumbo la chupa: likiwa na joto, ombwe limekufa, rudisha. Kisha weka kijiko cha chuma kilicho baridi juu kidogo ya kizibo. Kikitoa ukungu, mvuke unatoka. Mwisho ilaze kwa ubavu juu ya karatasi uone kama inalowa.

Sasa mpangilio wangu, na nasema wazi kwamba nina upande.

Ya kwanza ni Zojirushi ya chuma, yenye mdomo mwembamba na kizibo cha kuzungusha. Ndiyo ile yenye nembo ya tembo, kampuni ya Osaka tangu 1918. Naipenda kwa mambo mawili. Kwanza, mipira ya kizibo inatoka kwa kucha, unaiosha, unairudisha, na kampuni inauza mipira peke yake. Anayeweka chai ya tangawizi na iliki anajua mpira usiotoka unavyonuka baada ya mwezi. Pili, hawakuambii "saa 24" halafu wakanyamaza. Wajapani wanaandika nyuzi: maji yanawekwa yakiwa na nyuzi 95, chumba kina nyuzi 20, na baada ya saa 6 wanakuambia yamebaki na nyuzi ngapi. "Saa 24" pasipo nyuzi ni maneno ya mganga wa sokoni. Maji ya nyuzi 40 nayo ni ya moto ukiuliza aliyeyauza. Kwa chai ya maziwa mimi sitaki ishuke chini ya 60, maana hapo ndipo vijidudu vinapoanza kupata nafasi na chai ikachacha.

Ya pili ni Tiger, nayo ya Osaka, tangu 1923. Tofauti ni ndogo, ukiipata kwa bei nzuri chukua bila kuniuliza.

Ya tatu, Stanley. William Stanley alitengeneza chupa ya chuma mwaka 1913 na mpaka leo ni chuma kweli, unaiangusha kwenye lami unaiokota. Dereva wa lori na mtu wa shamba wataipenda. Kwa mama wa nyumbani ni nzito bure. Na jamani, vile vikombe vyao vikubwa vyenye mpini na mrija si chupa ya chai. Kifuniko kina tundu! Dada zangu mnaoviwekea chai asubuhi halafu mnalalamika, joto linatokea pale pale mnaponyonyea.

Ya nne ni hizi za kioo ndani na plastiki nje, tulizokua nazo. Msizidharau. Kioo hupitisha joto kidogo kuliko chuma, kwa hiyo shingoni hupoteza kidogo, na yenye kizibo kizuri inaishinda ya chuma ya bei kubwa. Ila itazame chini: kioo kina kichuchu kidogo pale kilipozibwa baada ya hewa kunyonywa. Kikimeguka, hewa inaingia, na kioo kitaonekana kizima ilhali ni kopo tu.

Za kubonyeza ni za msibani na ofisini, ambako chai inaisha kabla haijapoa. Za ukuta mmoja za bei ya chini ni za maji ya kunywa, tusipotezeane muda.

Yoyote utakayochukua, itangulizie maji ya moto dakika tano kabla ya chai, maana ukuta wa ndani ukiwa wa baridi unameza nyuzi mbili tatu hapo hapo. Na ijaze. Nusu chupa ina nusu ya joto, lakini mdomo ni ule ule. Walioko Nairobi wakumbuke kwamba huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hivyo wanaanza safari wakiwa nyuma yetu wa pwani.

Nikija kwa wauzaji, roho inaniuma. Kariakoo nimezunguka nikitafuta mpira wa kizibo, kitu cha kukaa kwenye kiganja, na kila duka wananionesha chupa nzima mpya. Ukiwaambia mpira tu, wanakutazama kama umekuja kuomba. Ukitaka kupima kwa maji ya moto, "dada utaichafua." Nitaichafuaje chupa kwa maji? Bei nayo, leo dola imepanda, kesho bandari, keshokutwa dola imeshuka na bei iko pale pale. Mmoja alinitolea chupa yenye tembo kwenye boksi lakini chini ya chupa hakuna alama yoyote, na alipoona nageuza akaishusha bei nusu kabla sijasema neno. Ndiyo maana zangu naagiza kwa ndugu wakitoka Muscat au Dubai.

Asiye na ndugu huko abebe maji yanayochemka kwenye chupa yake ya zamani na kijiko mkobani, apime mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela. Akikataliwa, duka la pili halipo mbali. Na kabla ya kulipa aulize mpira wa akiba unauzwa wapi.