Uzoefu wangu na Screamer-Killer: mhudumu kavunja mkono wa zimwi langu, kisha kanitajia bei

Nyota mbili kati ya tano, na asije mtu kuniambia nimezidisha. Mkono wa juu wa kushoto wa Screamer-Killer wangu umevunjika, na aliyeuvunja ni mhudumu wa duka la michezo, mtu anayeshinda na vitu hivi kutwa nzima na kulipwa kwa kazi hiyo. Imepita miezi sasa. Nikifungua kabati, moto unawaka upya.

Kwa asiyelijua dude lenyewe: ni zimwi la jeshi la Tyranids katika Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo, ulioanzia Uingereza mwaka 1987. Tyranids hawana mfalme wa kukaa naye mkazungumza. Ni kama siafu waliotoka nje ya galaksi. Wanatua kwenye sayari, wanakula miti, wanyama na watu, wanafyonza mpaka bahari na hewa, kisha wanaondoka wakiwa wengi kuliko walivyokuja. Katika kundi hilo Carnifex ndiye wa kubomoa kuta, na Screamer-Killer ni Carnifex wa mtindo wa zamani: mikono minne, na yote minne ni mundu. Hana hata kidole cha kushikia kitu. Hupiga yowe, hutema moto, hukata. Namba zake nyingine zimo kitabuni, kila mtu anaweza kuzitazama.

Wakongwe walikuwa nalo la madini, miaka ya mwanzo ya 1990. Hili la plastiki ninalolisema lilitoka mwaka 2023 kwenye boksi kubwa la Leviathan, lenye sanamu 72, na vipande vyake vinajipachika vyenyewe bila gundi. Mimi niliweka gundi. Shikeni hilo, litahitajika mbele.

Nililipaka rangi usiku, watoto wakishalala, kwa muda unaokaribia miezi miwili. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Mafia. Nyumbani kwa babu ukutani palikuwa na gamba la kasa aina ya ng'amba, la zamani sana, limekolea moshi wa taa, na nilipolitoa dude hili kwenye boksi nikaona mgongo wake una vigae vilivyolaliana, kimoja juu ya mwenzake, sawasawa na vya ng'amba. Sikufikiria rangi nyingine tena. Nikaanza na rangi ya samli mgongo mzima. Juu yake nikapitisha rangi ya asali, nyepesi, iliyozimuliwa kwa maji mpaka inaonyesha ya chini. Kisha nikachukua brashi ndogo kuliko zote na kuchora mistari ya kahawia na nyeusi, kigae kwa kigae, kila mstari ukianzia ndani na kupasukia nje kama miale ya jua. Kigae kimoja kilinichukua jioni nzima. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyepaka mdomo kwa ndani, zambarau iliyochanganywa na nyekundu kidogo, na alishusha pumzi kila alipomaliza jino. Siku tuliyomaliza tuliliweka dirishani, jua la asubuhi likalipiga mgongoni, na kwa dakika chache lilikuwa ng'amba wa babu.

Ndicho alichokibeba yule kijana mhudumu kwa kushika mundu.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ile ya huku Uingereza isiyonyesha wala isiyokatika, duka limejaa. Duka silitaji. Ni la mtu binafsi, halina uhusiano na watengenezaji, na nyuma lina meza za kukodi. Nilikuwa nacheza na mzee mmoja mwenyeji, mpole, mwenye jeshi la askari wa Space Marines, wa buluu. Raundi ya tatu. Katikati ya meza pana alama ya kugombania, na juu yake wamesimama Terminators wake watano, wenye deraya nzito zilizoichosha dadu yangu tangu asubuhi. Nikalisogeza zimwi mpaka ubavuni mwa alama, nikapima kwa futi: liko ndani ya inchi tatu. Nikapiga yowe.

Sasa sikilizeni kwa nini nalipenda dude hili, maana wengi wanadhani kazi yake ni kuua tu. Kikosi kikipatwa na lile yowe, kinapimwa moyo hapo hapo. Mwenye kikosi anarusha dadu mbili, anapunguziwa moja, na Terminators wanahitaji sita au zaidi. Mzee akarusha: nne na mbili. Sita ingewatosha, lakini ile moja inatolewa, zikabaki tano. Kikosi kilichopoteza moyo hakihesabiki kwenye kushika alama, hata kama wote watano wako hai na silaha mkononi. Alama ikawa yangu. Sikuua hata mmoja wao. Nimeiteka ardhi kwa hofu tupu, kwa sauti. Mzee mwenyewe alipiga makofi, akasema hajawahi kuona mdudu akishinda kwa kelele.

Tukiwa bado tumesimama tunacheka ndipo mhudumu akafika. Kumbe meza ile ilikuwa imeahidiwa watu wengine kuanzia saa kumi, na sisi hatukuambiwa. Hakusema "samahani jamani, muda umekwisha." Alianza kukusanya. Alipitisha mkono katikati yetu kama vile meza haina watu, akalinyanyua zimwi kwa ncha ya mundu wa juu, na kitako chake, nilichokijaza vijiwe na washa za chuma ili lisianguke, kikaning'inia chini. Mlio ulikuwa mdogo sana. Kama kijiti cha kiberiti.

Alilitazama. Akalilaza ubavu. Neno lake la kwanza: "Gundi yako haikushika vizuri."

Nikamwonyesha. Begani gundi ilikuwa imeshika, kiungo hakijacheza hata kidogo. Palipokatika ni katikati ya mundu wenyewe, pale unapokuwa mwembamba kabla ya kujipinda. Nikamwambia kwa utulivu kwamba sanamu hushikwa kwa kitako, hilo hata mtoto wangu analijua. Akasema, "Ni plastiki tu. Boksi jingine liko rafuni," na akanitajia bei.

Akanitajia bei!

Kwetu ukivunja kikombe cha jirani, pole inatoka kabla hujainama kuokota vipande. Hata kikombe kiwe cha bati. Huyu hakuinama. Alisimama akingoja tuondoe vitu vyetu. Boksi la rafuni lina plastiki ya kijivu. Halina miezi miwili, halina jioni ya kila kigae, halina pumzi za binti yangu kwenye yale meno. Nilitetemeka mikono nikashindwa kufunga zipu ya begi.

Basi turudi kwenye zile nyota. Nimetoa mbili kwa sababu mundu ni mwembamba kupita kiasi. Dude lililotungwa liwe kifo chenye miguu, halafu mikono yake inakatika kwa uzito wa kitako chake lenyewe, hilo si jambo la kuficha. La madini lingejipinda, ungelinyoosha na kuendelea. Plastiki hii haina huruma hiyo, ikifika mwisho wake inakatika. Kama una watoto wadogo nyumbani au unasafiri na jeshi lako kwa basi kama mimi, fikiria mara mbili.

Lakini nimesoma hayo niliyoandika na naona nalionea. Sanamu haijakosa. Mundu mnene ungekuwa mpini wa jembe, na lile umbo la kuinama mbele, mikono yote minne imefunguka kama linataka kukukumbatia, lisingekuwepo. Nimewahi kwenda Nottingham, yalipo makao makuu ya Games Workshop, watengenezaji wa mchezo huu, nikasimama mbele ya makabati ya vioo kwenye ukumbi wao wa maonyesho, Warhammer World, nikitazama Tyranids waliopangwa kwa mamia wakipanda kuta. Wako vile kwa sababu waliochonga hawakuogopa wembamba. Kwa hiyo zile mbili zifutwe. Nne.

Na kuna jambo sijalisema, ambalo pengine ningelianza nalo kama nisingekuwa na hasira. Yule mzee, mpinzani wangu, ndiye aliyepiga magoti. Mtu wa umri wake, kwenye zulia la duka lenye matope ya viatu vya watu, amewasha tochi ya simu na kupapasa chini ya meza akitafuta kipande. Akakipata. Akakifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi kama mtu anayefunga jino la mtoto. Wiki iliyofuata akanialika kwake, akatoa keekee ndogo ya mkono, tukatoboa pande zote mbili za mundu tundu jembamba, tukapachika waya tuliokata kwenye klipu ya karatasi, tukafunga kwa supa gluu. Ilichukua muda wa birika mbili za chai. Hakuongea sana. Alilishika zimwi kwa kitako muda wote, kwa vidole viwili, mpaka gundi ikakauka.

Sasa tunachezea jikoni kwake. Majuzi nilipiga yowe lile lile mbele ya Terminators wale wale, mzee akarusha sita na tano, wakasimama imara, wakaja wakalikata vipande likiwa bado na uhai wake wote, pointi kumi. Liliondoka mezani zamu ile ile. Nililipenda vile vile. Nyota tano, na kama unaanzisha jeshi la Tyranids usinunue kingine kabla ya hili.

Duka lile halipati kitu. Meneja nimemwandikia mara mbili, sikuomba hela, niliomba tu yule kijana afundishwe kushika sanamu za watu. Hajajibu. Mundu umeshika vizuri, ila ncha yake hatukuipata, na ukiuweka sambamba na wenzake utaona umepungua kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Iko mahali fulani kwenye zulia lile, rangi ya asali, na watu wanaikanyaga.