Rimoti ya gari ilizimika matangani Yala: uzoefu wangu na fundi wa funguo wa soko la Kibuye, Kisumu

Kazi yangu ni mapishi ya sherehe na matanga. Wikendi nyingi niko barabarani, leo njia ya Busia, kesho Kakamega, nyuma ya gari kuna sufuria, mitungi ya gesi na kreti za soda. Gari lenyewe ni la mtumba kutoka Japani, lenye ufunguo wa meno ya chuma na vitufe viwili kwenye mpini, kimoja cha kufunga milango na kingine cha kufungua. Huu ni mwaka wa tatu nikiwa nalo. Lilikuja na ufunguo mmoja tu, kama yanavyokuja mengi, na sikuwahi kuuliza wa pili uko wapi.

Rimoti haikufa ghafla. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza nikiwa ng'ambo ya barabara na taa za indiketa zinajibu. Miezi ikapita, ikawa lazima nisogee hatua kumi, kisha tano, mwishowe nabonyeza mara tatu mkono ukiwa umekaribia kugusa kioo. Nikaizoea hivyo.

Jumamosi moja tukawa na matanga Yala. Chakula karibu chote kilikuwa kimeshuka, zimebaki sufuria mbili za nyama, na gari nililifunga kwa sababu ya watoto waliokuwa wakilizunguka. Mchungaji akaanza kuomba. Nikaenda kutoa nyama, nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikatia meno ya ufunguo kwenye mlango wa dereva. Tundu lilikuwa gumu, maana halijazungushwa tangu ninunue gari, nikalazimisha hadi likakubali. Mlango ulipofunguka tu, king'ora kikalia, sala ikiwa katikati. Watu wote wakageuka, mama wa marehemu akiwemo. Nikaingia mikono ikitetemeka, nikatia ufunguo kwenye swichi, nikazungusha. King'ora kikanyamaza, na injini ikawaka.

Hilo la injini kuwaka ndilo nililoliwaza njia nzima ya kurudi, tukipita Luanda, tukipita Maseno, hadi tunaingia Kisumu. Kama ufunguo umekufa, gari limewakaje?

Jumatatu nikaenda kwenye duka moja mjini linalouza funguo za magari. Kijana aliyekuwa kaunta aliubonyeza mara moja tu, hakuufungua, akaniambia umekufa, nahitaji mpya na kuuprogramu, shilingi 14,000, na gari nilale bila. Nikamwuliza mbona liliwaka. Akasema ni bahati, kesho halitawaka. Kilichoniokoa ni kwamba siku hiyo sikuwa na hizo pesa. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu najua wako walioambiwa maneno hayohayo na wakalipa.

Anayeniuzia mboga Kibuye ndiye aliyenipeleka kwa fundi huyu. Ana meza ya mbao chini ya mwavuli, mashine ya kuchonga funguo, na boksi lililojaa rimoti kuukuu za kila aina. Nikamsimulia ya Yala. Kabla hata hajaugusa ufunguo akaniuliza, "Gari liliwaka?" Nikasema ndiyo. "Basi chipu iko sawa, mama. Tuangalie betri."

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Ndani ya mpini ule mmoja kuna vitu viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni rimoti, redio ndogo inayotumia betri na ambayo kazi yake ni milango tu. Cha pili ni chipu ndogo isiyo na betri kabisa. Ukitia ufunguo kwenye swichi, kuna koili ya waya iliyozunguka tundu lile, nayo huirushia chipu nguvu kidogo, inatosha chipu itaje namba yake. Gari likiitambua namba, linaruhusu injini iwake. Lisipoitambua, utazungusha hadi uchoke, hata kama meno yamechongwa sawasawa. Ndiyo maana king'ora kilinyamaza Yala: gari lilisikia chipu yake. Betri ingekuwa imekufa mwaka mzima, bado lingewaka.

Akaufungua mpini kwa kuingiza sarafu kwenye mfereji mdogo wa ubavuni, akaizungusha, ukaachana nusu mbili. Nilisogea nione. Chini ya mpira wa vitufe kulikuwa na utando wa mafuta uliochanganyika na unga, maana ufunguo huu hukaa kwenye mfuko wa aproni yangu. Akaitoa betri, ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032 mgongoni. Hizo namba zina maana: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Zipo funguo zinazotumia CR2016 au CR1632, kwa hiyo usinunue kwa kukisia, soma ile ya zamani. Mita ikaonyesha volti 2.4. Mpya akaipima mbele yangu, ikapita 3.

Nilidhani tumemaliza. Kitufe cha kufunga kikafanya kazi, cha kufungua kikagoma. Akageuza kibao cha umeme, akanipa lenzi nichungulie: mguu mmoja wa kiswichi ulikuwa umeachana na kibao, ufa mwembamba kama unywele, kwa kubonyezwa kwa nguvu miezi yote ile ya betri dhaifu. Akafuta utando kwa spiriti na pamba, akagusa mguu ule kwa risasi kidogo ya kulehemu, moshi ukapanda, basi. Nikatembea hadi upande wa pili wa barabara nikabonyeza. Indiketa ziliwaka mara mbili. Nililipa 200 za betri na 500 za mikono yake. Linganisha na 14,000.

Betri ile ya zamani aliifunga kwa utepe kabla ya kuitupa, akanisisitizia nami nifanye hivyo nyumbani. Mtoto akimeza betri ya namna hii inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, hata ikiwa haina nguvu ya kuendesha rimoti. Ni mkimbio wa hospitali moja kwa moja.

Kwa kuwa nilishaamini mkono wake, nikamwuliza kuhusu ufunguo wa pili. Mimi nilidhani rimoti huchongwa kama ufunguo wa kufuli. Kumbe kila unapobonyeza, rimoti hutuma ujumbe ulio tofauti na wa mara iliyopita: namba yake ya utambulisho, agizo la kitufe, na hesabu inayopanda kila mara, nayo hesabu hiyo imefichwa kwa fumbo. Gari nalo lina hesabu yake. Likipokea namba iliyokwisha kutumika, halijali. Kwa hiyo mtu akinasa ujumbe wangu wa leo asubuhi hewani na kuurudia mchana, milango haitafunguka. Kitinda mimba wangu hupenda kubonyeza ufunguo akiwa sebuleni, na nilihofu hesabu hizo zingepishana. Gari limeandaliwa kwa hilo, linakubali rimoti iwe imetangulia kiasi.

Baadaye nilisoma kwamba mfumo mmoja wa mafumbo haya uliotumika sana, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Marekani, Microchip. Nilifurahi kujua kazi hiyo ilianzia Afrika. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha namna ya kuuvunja, na magari ya siku hizi yametumia mafumbo mengine magumu zaidi.

Nilikuwa nimeona mtandaoni rimoti iliyofanana na yangu kwa kila kitu, bei nzuri. Fundi alipoona picha akatikisa kichwa. Ilikuwa ya magari ya Ulaya, ambayo huongea kwenye masafa ya megahezi 433.92. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa karibu na megahezi 315. Kasha ni lilelile, vitufe vilevile, lakini gari langu lisingeisikia kamwe, sawa na kutafuta stesheni ya redio pahali isipo. Wanaonunua rimoti mtandaoni waangalie namba hiyo kabla ya rangi na umbo.

Akapata ya 315, akachonga meno, kisha akachomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya steringi, akaandikisha chipu mpya kwanza, kisha rimoti, kila kimoja peke yake. Alihitaji ufunguo wangu wa kwanza uwepo. Akaniambia wanaokuja wakiwa wamepoteza ufunguo pekee waliokuwa nao ndio wanaoumia, kwa sababu kumbukumbu ya gari lazima ifutwe na kuanzishwa upya. Nililipa 6,500. Kama gari lako lina ufunguo mmoja, tafadhali tengeneza wa pili wakati huo mmoja ungali hai.

Kabla sijaondoka alinionyesha kitu ambacho nimekuwa nikiwaeleza wenzangu wote. Alichukua rimoti ya gari jingine kutoka kwenye boksi, ya masafa yaleyale, akaishika karibu na kioo cha gari langu huku amebonyeza bila kuachia. "Funga sasa." Nikabonyeza. Milango haikusogea, indiketa hazikuwaka. Rimoti yangu ilikuwa inaongea, ila ile nyingine ilikuwa inapiga kelele juu yake na gari halikusikia. Mwizi akisimama maegeshoni na kifaa cha namna hiyo, wewe unabonyeza huku umeshageuka unakwenda, na gari unaliacha wazi na mkoba ndani. Haji kuvunja kitu. Tangu siku hiyo siliachi gari bila kuona indiketa na kuvuta kitasa kwa mkono.

Dada yangu wa Nakuru ana gari la kuwasha kwa kitufe, na nilimwulizia. Lake ni tofauti kidogo: gari ndilo linaloanza kuita kwa mawimbi yasiyofika mbali, ufunguo ukiwa mfukoni unajibu. Betri ikiisha, ndani ya kasha kuna ufunguo mdogo wa chuma wa mlango, na mengi ya magari hayo huwaka ukigusisha kasha lenyewe kwenye kitufe cha kuwashia. Hakuwa anajua yote mawili.

Kuhusu huduma yenyewe, ningerudi kwa fundi huyu bila kusita, ila yako ya kusema. Aliahidi saa moja, ufunguo wa pili ukachukua karibu tatu kwa sababu wateja wengine walikuwa wanakatiza. Mvua ya jioni ya Kisumu ikianza anafunga meza, hivyo nenda asubuhi. Risiti hana, niliomba akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, gari namba gani, kazi gani, tarehe. Kasha la ufunguo mpya nalo si imara kama la kwanza, wiki ya sita sasa na alama ya kufuli kwenye kitufe imeanza kufutika.

Tundu la mlango wa dereva alilitia mafuta bila kunidai. Nalizungusha kwa mkono kila Ijumaa ninapopakia sufuria. Ufunguo wa pili anao mume wangu, na ule wa kwanza nimeutoa kwenye aproni.