Programu ya muziki inayokata albamu vipande: uzoefu wangu

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu kati ya tano, na bado sina hakika kama nitaishia hapo. Programu hii ya kusikilizia muziki, ambayo nailipia kila mwezi, ina mazuri yake. Sauti ni safi, albamu za roki za zamani zimejaa tele, na haikwami ovyo mtandao unapolegea. Kasoro yake ni nusu sekunde. Nusu sekunde ya kimya kila wimbo unapompokeza mwenzake, hata pale ambapo bendi haikuacha kimya chochote.

Anayesikiliza wimbo mmoja mmoja hataiona kasoro hii maisha yake yote. Anayesikiliza albamu nzima atatamani kuitupa simu.

Fungua Abbey Road ya The Beatles, ya mwaka 1969, uende upande wa pili. "Polythene Pam" inapoishia, gitaa linateremka na kutua ndani ya "She Came In Through the Bathroom Window" bila kuvuta pumzi. Nyimbo hizo mbili zilirekodiwa kwa mpigo mmoja, kama wimbo mmoja. Mpaka uliopo kati yake ni namba tu, imewekwa ili msikilizaji apate pa kuanzia. Kwenye programu hii gitaa linateremka, linakatika, kimya, kisha drami zinakurupuka kutoka kusikojulikana. "Golden Slumbers" na "Carry That Weight" yanazikuta hayo hayo. Halafu nenda kwenye The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, ambako "Brain Damage" inatakiwa imwagikie ndani ya "Eclipse". Albamu nzima imekuwa ikipanda mlima kufika hapo. Unafika kileleni, taa inazimwa, inawashwa tena. Kilele kimeshakufa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Nikataja nyimbo, sekunde, aina ya simu na toleo la programu. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: mpangilio wa nyimbo ni suala la ladha ya mtu, wateja wengine hawalalamiki, na nijaribu kuwasha kitufe cha kuchanganya nyimbo, yaani zipigwe bila kufuata mpangilio, ili niufurahie muziki zaidi. Nilikuwa na nyota tatu mkononi. Baada ya kusoma hilo jibu zikabaki mbili.

Ladha ya mtu! Mwaka 1987 kazi ya kupanga nyimbo za The Joshua Tree ya U2 ilikabidhiwa mwimbaji Kirsty MacColl, mke wa prodyuza Steve Lillywhite. Alipewa masharti mawili: "Where the Streets Have No Name" itangulie, na "Mothers of the Disappeared" ifunge. Zilizobaki akazipanga kwa jinsi alivyozipenda. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa ladha, lakini ni ladha yake, bendi ikaikubali, ikachapwa hivyo, na tangu siku hiyo imekuwa sehemu ya kazi kama zilivyo sehemu ya kazi gitaa na sauti ya mwimbaji. Huduma kwa wateja haina ladha ya kuongeza hapo.

Na mara nyingi si ladha peke yake. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika bila kubadilika, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Sekunde moja ya muziki ukingoni inapata nafasi zaidi ya maradufu ya ile inayopata karibu na kitovu. Sindano ikisogea ndani, sauti za juu zinaanza kukwaruza: matoazi, herufi "s" za mwimbaji, gitaa lililochachamaa. Ndiyo maana nyimbo zenye kishindo zilipenda kuanzia upande, na za polepole zikawekwa kuufunga. Tena upande mmoja ukizidi sana dakika 20 hivi, mifereji inabidi ibanwe na sauti inashuka. Mpangaji alikuwa anapima dakika, uzito na umbali wa sindano kwa wakati mmoja.

Halafu santuri ina pembe nne: wimbo wa kwanza na wa mwisho wa kila upande. Bruce Springsteen alizitumia zote kwenye Born to Run ya 1975. "Thunder Road" inafungua, "Backstreets" inafunga upande wa kwanza, wimbo wenye jina la albamu unafungua upande wa pili, "Jungleland" inamaliza. Ukiichanganya hiyo kwa kitufe, nguzo zote nne zinaanguka.

Hata teknolojia duni kuliko zote iliheshimu kiungo. Kulikuwa na mikanda ya katriji yenye nyimbo zilizogawanywa katika mafungu manne, ikizunguka bila mwisho na mara nyingine ikikata wimbo katikati. Pink Floyd walipotoa Animals mwaka 1977, wimbo "Pigs on the Wing" ulikuwa umegawanywa mara mbili, sehemu moja kufungua albamu na nyingine kuifunga. Kwa toleo la katriji waliziunganisha sehemu hizo kwa solo ya gitaa iliyopigwa na Snowy White, wimbo upite bila kuvunjika. Mtu alikaa akafikiria pale panapounganika. Mwaka 1977, kwa mkanda wa plastiki! Nami naambiwa niwashe kitufe cha kuchanganya.

Sababu ya kimya hiki inajulikana, na dawa yake pia. Faili la MP3 linakata sauti katika fremu, yaani vipande, za sampuli 1,152, na sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 26 hivi. Wimbo haumaliziki sawasawa kwenye ukingo wa fremu, hivyo nafasi inayobaki hujazwa kimya, na mwanzoni mwa faili pia huingia kimya kidogo wakati wa kubana sauti. Idadi ya sampuli zilizoongezwa inaweza kuandikwa mwanzoni mwa faili. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu inaisoma na kuzikata. Isipozikata, unasikia kijikwao kifupi.

Lakini kijikwao hicho hakifiki nusu sekunde. Nusu sekunde ina maana programu inangoja wimbo uishe kabisa ndipo ifungue faili linalofuata, badala ya kulifungua mapema na kuliweka tayari. Jaribio lake ni rahisi. Pakua albamu yote kwenye simu, zima mtandao, peleka "Polythene Pam" kwenye sekunde kumi za mwisho, usikilize. Kwangu pengo lilisinyaa likabaki kijikwao tu. Washa mtandao, futa ulichopakua, rudia: nusu sekunde imerudi. Kwa hiyo wana makosa mawili, la kufungua faili kwa kuchelewa na la kutokata kimya cha ziada, na yote mawili yana tiba.

Wapo watakaokushauri uwashe kufifisha, yaani wimbo mmoja uzame huku mwingine ukiibuka. Usiwashe. Upande wa kwanza wa Abbey Road unaishia na "I Want You (She's So Heavy)", ambao baada ya dakika nyingi za kuzidi kupanda unakatwa ghafla, mkanda umekatwa katikati ya kishindo. Mkato huo ndio mwisho wenyewe. Kwenye santuri unabaki na kimya mpaka uigeuze, ndipo jua la "Here Comes the Sun" litoke. Kufifisha kunaulainisha mkato na kulimwaga jua juu ya kishindo. Zote mbili zinaharibika.

Kimya si adui. Hapa ndipo hasira inanipanda zaidi, maana programu hii inaongeza kimya pasipotakiwa na kukiondoa kinapotakiwa. Ina swichi ya kuruka kimya, nayo ilikuja ikiwa imewashwa. Kwenye Abbey Road, baada ya "The End" kuna sekunde kama 14 za kimya kabla ya "Her Majesty", wimbo wa sekunde 23. Ulikuwa kati ya "Mean Mr. Mustard" na "Polythene Pam", ukaondolewa, fundi akaupachika mwisho wa mkanda asiutupe, na bendi ikaamua ubaki palepale. Mlio mkali unaousikia mwanzoni mwake ni mwisho wa "Mean Mr. Mustard" ulioning'inia baada ya kukatwa. Bila zile sekunde 14 unaonekana kama kosa la programu. Ukiwa nazo, unakushika umeshadhani mambo yamekwisha.

Kusawazisha sauti nako kunahusika na mpangilio, ingawa wengi hawakufikirii hivyo. Kuna kusawazisha kwa wimbo na kusawazisha kwa albamu. Kwa wimbo, kila mmoja unapandishwa au kushushwa mpaka zote zilingane. Kwa albamu, zote zinasogezwa kwa kipimo kimoja na tofauti kati yake inabaki. Nevermind ya Nirvana, ya 1991, inafunga orodha yake kwa "Something in the Way", karibu mnong'ono, baada ya kelele zote zilizotangulia. Ikisawazishwa kwa wimbo, mnong'ono unakuwa mkubwa kama nyimbo za kupiga kelele na kazi yake ya kufunga inapotea. Programu hii ina swichi moja tu, ya wimbo. Izime.

Na zima ile ya kuendelea na nyimbo zinazofanana albamu ikiisha. Mlio wa piano unaofunga "A Day in the Life" ya The Beatles unadumu zaidi ya sekunde 40. Uko ndani ya mwangwi huo, mara programu inakurushia wimbo wa bendi nyingine.

Upande wa matamasha ni mbaya kuliko wa albamu. Programu inachukua rekodi za jukwaani na kuzipanga kwa wimbo unaosikilizwa zaidi kwanza. Rekodi ya jukwaani ina sauti ya mashabiki inayopita chini ya kila kitu, kwa hiyo pengo linasikika kama watu maelfu wamemezwa na ardhi kisha wakatapikwa. Made in Japan ya Deep Purple, ya 1972, inaishia na "Space Truckin'" ya karibu dakika 20, upande mzima wa santuri. Hapa niliikuta katikati. Baada ya hapo hakuna wimbo unaoweza kusimama.

Bendi haipangi orodha ya jukwaani kwa umaarufu. Inaangalia koo la mwimbaji, asiwekewe nyimbo tatu za kupaza mfululizo. Inaangalia mikono ya mpiga drami. Nyimbo ambazo kamba nene ya gitaa imeshushwa kutoka E hadi D zinakaa pamoja, vinginevyo kila baada ya dakika nne watu wanatazama gitaa likibadilishwa. Nyimbo mbili za kasi ileile na ufunguo uleule zikifuatana, ya pili inasikika kama marudio. Mpya zinawekwa katikati, zikiwa zimeegemezwa na zinazojulikana pande zote mbili.

Queen walipopanda jukwaa la tamasha la hisani la Live Aid, Julai 1985, walikuwa na dakika 20 hivi tu. Wakaanza na kipande cha "Bohemian Rhapsody", si wimbo mzima, wakaingia "Radio Ga Ga" uwanja upige makofi, Freddie Mercury akaitikishana na umati, ndipo "Hammer to Fall" na "Crazy Little Thing Called Love". Wakafunga na "We Will Rock You" iliyokatwa fupi na "We Are the Champions". Zisogeze mbili za mwisho ziwe za kwanza, uone kama kunabaki kitu cha kupanda. U2 nao, walipoipiga The Joshua Tree nzima kwa mpangilio wake mwaka 2017, nyimbo tatu kubwa zilikuwa mwanzoni mwa albamu. Wakaitanguliza "Sunday Bloody Sunday" na nyingine za zamani, na wakaweka nyingine baada yake, albamu isibebe tamasha peke yake.

Baada ya kuzima kuchanganya, kufifisha, kuruka kimya, kusawazisha na kuendelea, na kupakua albamu kabla ya kusikiliza, programu inavumilika. Kusema haki, kwa albamu ambazo nyimbo zake hazikushonwa pamoja inapendeza, na nilikuwa tayari kurudisha ile nyota ya tatu. Kisha likaja sasisho. Kuruka kimya kumejiwasha, kuchanganya kumejiwasha, na kitufe kikubwa juu ya kila albamu sasa ni cha kuchanganya. Cha kusikiliza kwa mpangilio ni kidogo, pembeni, rangi ya kijivu.

Nyota moja. Wakiliziba pengo baada ya "Polythene Pam" nitarudi kuongeza ya pili. Ile iliyoondoka na jibu lao hairudi.